Mpaka wa Minyaa

Mwenyekiti wetu hakuwahi kusema anakwenda Korogwe. Alisema anakwenda nje. Kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa saa moja na robo kwa miguu: unafuata barabara inayotoka Handeni, unavuka mto, unatokea Old Korogwe, umefika. Lakini yeye alipiga kanzu pasi, akatia kitambulisho cha mpiga kura mfukoni, akapita kwa majirani kuaga. "Natoka nje kidogo," alisema. "Jioni nitakuwa nimerudi nchini." Akisema hivyo hatabasamu. Nimemfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini na nimemwona akicheka mara mbili.

Nchi aliyokuwa akiisema ni Kwemzizi, kijiji chetu. Kilikuwa na kaya mia moja na ushee, mashine ya kusaga, msikiti, kanisa lililoezekwa nusu, shule, na bonde la mpunga ambalo kila mwaka mkutano mkuu wa kijiji uliwagawia wanawake vipande vya kulima. Kilikuwa pia na muhuri wake. Mwenyekiti aliona nchi haihitaji zaidi ya hapo. Watu wa Makuyuni aliwaita wageni wema. Kuna bwana aliyekuja kutoka Handeni kuuza mikeka, akamwandikia kibali cha kukaa siku tatu, na siku ya nne alimfuata kumuuliza kama anaumwa.

Mimi nilikuja hapo kuolewa, nikitokea Lutindi kule milimani. Nilikuwa fundi cherehani mwenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Wiki ya pili baada ya harusi yangu alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasema, "Nimesikia unaandika." Nikasema naandika. "Basi wewe ni Katibu." Hakuna aliyenipigia kura, na mtendaji wa kijiji, ambaye kazi hiyo ilikuwa yake, alishukuru kupunguziwa mzigo. Tangu hapo aliniita Katibu kwenye mikutano, kwenye misiba, na hata siku niliyojifungua, aliposimama nje ya dirisha la zahanati akauliza, "Katibu, hali ya huko ikoje?" Mimi nilimwita Mwenyekiti. Jina lake nalijua, nimeliandika mara nyingi tu, lakini mdomoni halijawahi kunitoka.

Mikutano tulifanyia kwenye banda la mashine ya kusaga, kwa sababu ndilo lililokuwa na kivuli cha kutosha watu wote. Maana yake mashine izimwe, na wanawake wenye ndoo za mahindi wasubiri. Yeye alijua hilo vizuri. Alisema mwanamke anayesubiri unga hawezi kuruhusu mwanamume aongee upuuzi kwa muda mrefu, na kweli mikutano yetu ilikuwa mifupi kuliko ya vijiji vyote nilivyovisikia. Ajenda ya mwisho daima ilikuwa Mengineyo. Aliipenda ajenda hiyo kuliko zote, lakini mtu akileta la kwake alimwambia, "Hilo si mengineyo, hilo ni lako," na kufunga mkutano.

Alikuwa mtu wa sheria kiasi cha kuchosha. Ng'ombe wake aliwahi kuingia kwenye shamba la mama mmoja mjane na kula mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Mama mwenyewe hakutaka kesi, alitaka ng'ombe afungwe vizuri tu. Mwenyekiti akaitisha baraza. Alikaa kwenye kiti chake, akasoma shauri, akauliza mlalamikiwa yupo. Kisha akainuka, akaenda kusimama upande wa mlalamikiwa, akajibu, "Nipo." Akarudi kwenye kiti. Akauliza, "Unakiri kosa?" Akainuka tena. Mimi niliandika yote hayo kwa mwandiko wangu unaosomeka: Mwenyekiti wa baraza, Mwenyekiti, mlalamikiwa, Mwenyekiti. Alijihukumu madebe mawili ya mahindi na karipio kali. Karipio alijipa hapo hapo, kwa sauti, na sisi tukasikiliza hadi mwisho.

Magomvi ya watu wengine aliyamaliza kwa miguu. Wakija ndugu wawili wanaogombania kipande cha ardhi, hakuwauliza nani alianza. Aliwaambia watangulie, naye nyuma, wazunguke shamba zima saa saba mchana, na wakifika mwanzo wazunguke tena. Watu wakishatembea jua lile pamoja huanza kuombana maji. Mzunguko wa tatu kwa kawaida ulifutwa kwa maombi ya pande zote mbili.

Ila kutembea kwenyewe kulikokuwa na maana kwake ni kule kwa mwaka mara moja. Kwemzizi yote ilizungushiwa minyaa. Sijui nani aliipanda kwanza. Niliikuta, imeshikana, kijani mwaka mzima, kuanzia nyuma ya mashine ya kusaga hadi korongoni, kutoka korongoni hadi ukingo wa bonde, na kurudi. Kabla ya masika, Jumamosi moja, kijiji kizima kiliuzunguka mpaka huo. Yeye alitangulia na panga na mzigo wa matawi begani. Palipokufa mnyaa alikata shimo kwa panga, akachomeka tawi, akakanyaga udongo, akaendelea. Na yeyote aliyeingia kijijini mwaka huo, awe bi harusi, mwalimu mpya au mtu aliyenunua shamba, alipewa tawi lake apande kwa mkono wake kwenye kona ya korongo. Kisha Mwenyekiti alimwambia, "Kwenu panaishia hapa." Basi, ushakuwa wa hapo.

Nami nilipanda langu. Shangazi wa mume wangu alikuwa ameniambia utomvu wa mnyaa usiingie machoni, unachoma, lakini jua lilikuwa kali, jasho likanitiririka, nikajifuta. Nililia mpaka alasiri. Wanawake wakanizunguka wakiniambia nivumilie, hata wao walikumbuka kwao walipoolewa, nitazoea. Nilishindwa kuwaeleza kwamba sikuwa nimekumbuka Lutindi hata kidogo. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyetazama mikono yangu, akaenda kuleta kibuyu cha maji, akaninawisha uso.

Jioni yake aliniita kuandika. Kulikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi ambalo halikuandikwa kitu kingine chochote isipokuwa huo mpaka. Alinisomea maneno, nikayaandika, na kila mwaka baada ya hapo yalikuwa yale yale: Mpaka umekaguliwa. Uko bayana. Hauna mgogoro. Yakifuatiwa na idadi ya waliohudhuria, sahihi yake na yangu. Mwaka wa tatu nilimwambia ningeweza kuandika "kama mwaka jana." Akanitazama. Niliandika yote.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na wivu na redio za watu, alikuwa anakoroma msikitini, na kwa bada hakuwa na aibu: akipita nyumba inayosonga ugali wa muhogo angekumbuka ghafla kwamba ana ujumbe wa kuwapa. Na huo mji aliouita nje aliusema vibaya kutwa, chai yake maji, watu wake hawasalimii, lakini hakupitisha wiki mbili bila kwenda. Siku moja nilimkuta stendi ya Korogwe, amevaa ile kanzu ya pasi, amesimama wima kando ya tenki la muuzaji, ananyonya lambalamba nyekundu. Nilitaka kupita kimya. Akaniona.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba Katibu. Huku nje jua lao kali."

Alimaliza lambalamba yake taratibu, akafuta vidole na leso, akaniuliza kama nyumbani kwema, wakati tulikuwa tumeachana asubuhi ile.

Shuleni tulisomeshwa jinsi falme kubwa zilivyomeza nchi ndogo. Kuna zilizopigwa vita. Kuna zilizochukuliwa kwa ndoa, binti wa mtawala mdogo anaolewa na mtoto wa mtawala mkubwa na nchi inamfuata bwana harusi pamoja na masanduku. Nilipokuwa nayakariri hayo kwa ajili ya mtihani sikudhani nitakuja kuyaona, tena nikiwa nashika kalamu. Sisi hatukupigwa vita. Kwetu lilianza bomba.

Maji ya bomba yalitoka mjini. Mafundi walipofika kwenye minyaa na mitaro yao, walimkuta Mwenyekiti amekaa kwenye kigoda upande wa ndani. Wakamwambia mzee tupishe. Akasema hajasikia hodi. Wakatazamana, wakapiga hodi. Akawakaribisha, akawaonyesha mahali ambapo wangekata mnyaa mmoja tu, na siku hiyo hiyo akapanda mwingine pembeni ya bomba. Mimi nilishangilia maji yale na sioni haya kusema. Nilikuwa nimechota kisimani miaka sita na mgongo ulikuwa unaniuma. Yeye alifungua koki, akaonja, akasema yana ladha ya nje. Kisha akajaza ndoo mbili.

Halafu ikaja ndoa. Binti yake wa pekee alimpata mwalimu wa Old Korogwe. Siku ya posa wazee wa upande wa kijana walikaa wakisubiri atakachotaka, na yeye akasema anataka jambo moja, wajukuu watakaozaliwa waletwe kila mwaka kuzunguka mpaka. Mshenga alidhani ni utani na akacheka kwa adabu. Alipoona amecheka peke yake akasema limepokelewa. Wajukuu waliletwa mwaka wa kwanza na wa pili. Wa tatu ikawa shule ya baba yao ina mitihani. Ikawa yeye ndiye anayekwenda nje kuwaona, na nadhani lambalamba ilianzia hapo.

Gulio letu la Jumatano likafa lenyewe, kwa sababu wachuuzi walipata soko kubwa zaidi mjini siku hiyo hiyo. Vijana wakanunua pikipiki na kulala upande ule. Hakuna aliyetufukuza wala kutulazimisha. Ukiniuliza lini hasa tulianza kuwa wa mji sitaweza kukuambia, na mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Ndipo ikaja barua kwamba mji unapanuliwa, na wapima watakuja kuona mipaka ya vijiji vya jirani. Sote tulijua maana yake. Kijiji kikiingizwa mjini kinakuwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti, lakini hauna ardhi yake ya kugawa, na bonde la mpunga lingepimwa viwanja kama ardhi nyingine yoyote ya mji.

Mwenyekiti wa kijiji cha jirani alikuwa mtu mcheshi, mnene, asiyejua mpaka wake na asiyetaka kuujua. Alikuja kwetu kabla ya wapima. Nilikuwepo, nikipima kanzu mpya ya Mwenyekiti.

"Zumbe," akamwambia, kwa jina lile la heshima ambalo wazee wa Kizigua wanamwitia mkuu wao, "hawa watu usishindane nao. Wapoteze tu."

"Niwapoteze vipi?"

"Mkifika korongoni, waambie hapo sijui vizuri. Waambie baba zetu walikuwa wanabishana. Wao wanataka mahali pasipo na maneno. Pakiwa na maneno wanaandika mgogoro, wanaondoka."

"Hakuna mgogoro pale."

"Najua hakuna, Zumbe. Ndiyo nakwambia uwepo."

Mwenyekiti alinyanyua mkono nimalizie kupima kwapa. "Mimi siwezi kupotea kwangu," akasema.

Jirani alishika kichwa, akanitazama mimi kama vile nami ningesaidia. Nilikuwa na pini mdomoni.

Wapima walianza kwa huyo jirani. Aliwaambia mpaka wake uko kwenye mti mkubwa. Wakauliza mti uko wapi. Akasema ulikatwa. Wakauliza ulipokuwa ni wapi. Akasema hilo ndilo wazee wanalobishania, na akawaletea wazee wanne, kila mmoja akaonyesha upande wake kwa kidole. Walishinda pale siku tatu na kuondoka na ukurasa mmoja.

Kwetu walikuja Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa amekwishavaa viatu vya mvua. Aliwazungusha siku mbili, mnyaa kwa mnyaa, na mimi nyuma na kaunta buku jeusi. Wapima walikuwa na kile kifaa cha kunasa setilaiti, wanakisimika, kinalia, wanaandika. Mahali fulani karibu na bonde kifaa kikaonyesha mpaka umepinda. Mwenyekiti akasema haujapinda, hapo kulikuwa na minyaa miwili iliyokufa mwaka wa ukame. Wakasema mzee, mashine haikosei. Akapiga magoti, akachimba kwa panga, akatoa kisiki kimoja kikavu, kisha cha pili, akavipanga miguuni mwao. Mkubwa wa wapima, kijana mpole mwenye kofia, alivua kofia ile.

"Mzee wangu," akasema, "nimepima mkoa mzima huu. Sijawahi kuona mpaka safi namna hii."

Hapo ndipo nilipomwona Mwenyekiti akicheka mara ya kwanza. Alicheka mpaka akashika kiuno. Aliwalisha wapima wale kuku wawili na bada, akawafungia machungwa ya kwenda nayo, na walipoondoka aliwasindikiza hadi kwenye minyaa.

Barua ilirudi baada ya miezi michache. Aliniletea niisome kwa sauti ingawa yeye mwenyewe alikuwa anasoma vizuri. Ilisema kijiji cha jirani hakitaingizwa mjini kwa sasa, mpaka mgogoro wake wa mipaka utakapotatuliwa. Ilisema Kwemzizi kinafaa kuingizwa mara moja, kwa kuwa mpaka wake umekaguliwa, uko bayana na hauna mgogoro. Nilifika kwenye maneno hayo nikanyamaza. Yalikuwa maneno yetu. Wapima walikuwa wameyanakili kutoka kwenye kaunta buku, yalikokuwa kwa mwandiko wangu unaosomeka.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia imeishia hapo. Iliyobaki ilikuwa sahihi na kuomba maoni ya wananchi.

Mkutano wa maoni ulijaa kuliko yote. Mashine ikazimwa. Aliwaeleza watu faida na hasara, na faida alizitendea haki kuliko hata mtu wa mjini angezitendea: umeme, barabara, hati za viwanja, zahanati kubwa. Kisha akaeleza bonde, na kwamba mkutano huu waliokaa hautagawa tena ardhi ya mtu yeyote. Akasema wanaotaka mji wainue mikono.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka. Nilikuwa na cherehani ya miguu na magoti yameanza kuuma. Nilikuwa nimeona mjini mashine ya ovaloki ya umeme inayomaliza shati kwa muda ambao mimi namaliza kola. Nilikaa pembeni yake, kaunta buku mapajani, na nikainua mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na kalamu. Sikuinua juu sana.

Alihesabu safu kwa safu kwa kidole. Akahesabu mara ya pili. Mzee mmoja wa msikitini alimnong'oneza, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisikia, kwamba tofauti ni ndogo, atangaze vingine, nani atajua. Mwenyekiti akajibu kwa sauti ya kawaida, "Katibu atajua." Akatangaza mji umeshinda kwa kura kumi na moja. Mengineyo hayakuwepo, na wanawake wakaenda kuwasha mashine.

Alikabidhi muhuri, funguo za ofisi, bendera, na mafaili yaliyofungwa kwa katani kwa mpangilio wa miaka. Walipouliza lile kaunta buku jeusi akasema hilo ni la Katibu. Nilirudi nalo nyumbani mchana ule ule na kuliweka chini ya vitambaa, na sikulifungua. Kwemzizi ikawa mtaa. Bonde likapimwa. Baadhi ya wanawake walipata viwanja, wengine waliviuza kabla ya kujenga, na yule mama mjane wa mahindi alihamia kwa mwanawe Makuyuni. Umeme ulikuja. Nilipata ovaloki yangu na fremu ya biashara yenye kioo. Maisha yangu ni mazuri kuliko yalivyokuwa, na nikipita lilipokuwa bonde naangalia upande mwingine.

Kwa miaka hiyo yote nilimwona Mwenyekiti kama unavyomwona jirani. Vijana wa mtaa walimwita babu. Mwenyekiti wa sasa ni dada mmoja mchapakazi mwenye simu mbili, anamheshimu, humpa kiti cha mbele. Yeye hakuwahi kuingilia. Ila akienda mjini hakusema tena anakwenda nje. Aliacha tu kusema anakokwenda.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya masika, alikuja dukani kwangu Jumamosi asubuhi. Alikuwa na fimbo, na chini ya kwapa matawi matatu ya mnyaa yamefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba Katibu. Kile kitabu kipo?"

Nilifunga duka nikiwa na gauni la mteja kwenye mashine. Kitabu nilikipata pale pale chini ya vitambaa.

Tulianzia nyuma ya mashine ya kusaga, ambayo sasa ni ya umeme na haizimwi kwa ajili ya mtu. Minyaa haikuwa imetoweka yote. Ilikuwa imebaki kwa vipande, mmoja kwenye kona ya banda la kuku, mitano nyuma ya gereji, miwili imefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Alitembea polepole na kila penye uzio wa mtu alisimama akapiga hodi. Nyumba ya nne alitoka mama mmoja kijana, si mwenyeji, ameshika mwiko.

"Karibuni. Nyie ni wa maji?"

"Sisi ni wa mpaka," akasema Mwenyekiti.

"Mpaka wa nini tena, babu? Mbona nimeshalipia kiwanja?"

"Kiwanja ni chako. Nina tawi langu, naomba kulipanda hapo pembeni."

Yule mama alitazama tawi, akanitazama mimi, akatazama bustani yake ndogo ya mchicha. "Panda tu, babu," akasema. "Litanizuilia kuku."

Mwenyekiti alicheka. Ilikuwa mara ya pili, na haikuwa kubwa kama ya kwanza, lakini alisimama kidogo akafurahia, na yule mama naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Mimi ndiye niliyechimba shimo, na la tawi la pili mbele kidogo.

Korongoni tulifika jua limepanda. Kona niliyopanda mnyaa wangu mwaka ule wa kuolewa, sasa kuna jiwe la zege la wapima lenye namba. Alikaa juu yake. Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, akapumua mpaka pumzi ikarudi.

"Katibu," akasema. "Ungekuwa wewe, wale wapima ungewapoteza?"

Nilijua alikuwa amelibeba swali hilo kwa miaka yote ile. Nilitafuta jibu la kumpoza, lakini lililotoka lilikuwa langu.

"Mwenyekiti, mimi niliinua mkono siku ile. Wa mji."

"Niliuona," akasema. "Niliuhesabu."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Nilishindwa kujizuia. Nililia pale mbele yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Akainama akatazama mikono yangu, yenye udongo na maziwa ya mnyaa.

"Umejifuta macho?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na kibuyu, akanipa leso yake. Tulikaa. Upande wa pili wa korongo, kwa yule jirani mcheshi, bado ni kijiji, na ng'ombe walikuwa wanavuka kuja kwetu na kurudi kwao bila mtu kuwauliza. Baada ya muda akaniambia nifungue kitabu niandike.

Niliandika tarehe. Akasoma kutoka kichwani, kwa sauti ile ile, "Mpaka umekaguliwa." Nikaandika. Sentensi ya pili naijua kuliko jina langu, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Lakini yeye hakuisoma. Alitazama nyuma tulikotoka, mabati, nguzo za umeme, kamba za nguo.

"Hapo ruka," akasema.

Nikaruka mstari.

"Hauna mgogoro."

Nikaandika hauna mgogoro. Waliohudhuria, wawili. Akatia sahihi yake polepole, nami yangu, kisha akaniuliza kama nina lolote kwenye mengineyo. Nikasema ninalo. Nikalichukua tawi la mwisho, nikalipanda kando ya lile jiwe, nikakanyaga udongo kama alivyokuwa akikanyaga, na nilipomaliza nikamshika mkono tukaanza kurudi.